Mita Thelathini Pungufu

Lango la mashamba, kwenye uzio unaokitenga kijiji na mizeituni yake, hufunguliwa mara tatu kwa siku, dakika ishirini kila mara. Saa sita mchana, Jumatano ile, Nuzha alikuwa wa kwanza kwenye foleni ingawa hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Magunia yake manane ya zeituni yalikuwa upande wa pili wa uzio. Aliyaona vizuri: yameegemezwa kwenye bonge la zege kando ya barabara ya doria, hatua arobaini kutoka aliposimama, juani. Yalikuwa magunia ya plastiki, yale ya chakula cha kuku. La mwisho lilikuwa limeanza kulowa chini.

“Kibali,” akasema askari.

Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa hivi, nywele kazifunga kisogoni, bunduki begani, mkononi mfuko wa mbegu za alizeti. Alitafuna huku akiongea, na maganda akayatemea pembeni, si kwa watu.

“Sina. Sitaki kuvuka, mwanangu. Nataka magunia yale tu. Yaje, mimi nibaki hapahapa.”

“Ya nani?”

“Yangu.”

“Kibali cha shamba?”

“Ningekuwa nacho ningesimama nakuomba?”

Wanaume wawili nyuma yake wakacheka, kisha wakanyamaza upesi. Askari hakukasirika.

“Magunia hayavuki peke yake, mama. Yanavuka na mwenye kibali cha shamba yalikotoka. Mwaka jana mtu alificha kisu ndani ya gunia. Hapahapa. Rafiki yangu alikatwa mkono.” Akautazama mkono wake mwenyewe. “Anayefuata. Wewe, lete kitambulisho.”

Kule kwenye magunia alisimama Tsvia, rafiki yake Myahudi, kofia ya majani kichwani, akiyakinga magunia mawili kwa kivuli cha mwili wake kana kwamba hilo lingesaidia. Alikuwa na miaka sitini na minane. Kabla ya kustaafu alikuwa mpima damu hospitalini. Aliishi mji wa pwani, dakika ishirini na tano kwa gari, na kati ya nyumba yake na mizeituni ya Nuzha hapakuwa na lango lolote. Kwa misimu kumi na moja alikuja na wenzake kusaidia kuchuma, na msimu huu, Nuzha alipokosa kibali, Tsvia alimpigia simu akasema kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika: “Wewe kaa. Mimi napita. Nachuma, naleta langoni, wewe unapokea. Nini shida?”

Ilikuwa siku nne za kazi kwa wazee watatu, tangu Jumamosi. Jana jioni walipoyafikisha magunia, askari wa zamu aliyapiga namba kwa rangi nyekundu na kuyaandika daftarini: mzigo usio na mwenyewe. Tangu hapo hata Tsvia hakuruhusiwa kuyarudisha kwenye gari lake.

“Nuzha!” akaita Tsvia. “Nimempigia mwanasheria! Anasema leo anajaza fomu!”

“Fungua midomo ya magunia!” Nuzha akapaza sauti. “Yafungue yapumue!”

“Wamesema nisiguse!”

Dakika ishirini zikaisha. Binti wa alizeti akalivuta lango, akatia kufuli, akapanda gari la doria.

*

Mita thelathini. Hilo ndilo lililopungua.

Wiki tatu kabla, Nuzha alisimama mbele ya dirisha la ofisi ya vibali, nyuma ya kioo kinene, akasikiliza hesabu hiyo ikielezwa na ofisa mmoja aliyejiita Kapteni Nadav. Kapteni alizungumza Kiarabu kizuri, Kiarabu cha chuoni, na alimwita mama tangu mwanzo.

“Ombi lako nimelisoma mimi mwenyewe, mama. Ukubwa wa ardhi, mita za mraba mia tatu. Kanuni inasema chini ya mia tatu na thelathini hakuna haja ya kilimo.”

“Haja ya nani?”

“Haja tu. Kitaalamu. Kipande kidogo hivyo hakiwezi kuwa shamba.”

“Kina mizeituni minne. Babu yangu aliikuta.”

“Sijasema hakina miti. Nasema hakina haja.”

“Na kaka yangu mmemnyima kwa nini?”

“Naye ana mia tatu. Kanuni ni moja kwa wote.” Akaweka kalamu chini. “Kwa nini mligawa? Mwaka jana mlikuwa na mita mia sita kwa jina moja, kaka akapata kibali, wewe ukaingia kama msaidizi wake. Mlikuwa vizuri. Mkagawa wenyewe. Mimi sikuwagawa.”

Nuzha akauliza mita thelathini ni kiasi gani. Kapteni akageuza shingo, akaangalia makabati ya mafaili, meza mbili, mashine ya kahawa.

“Kama chumba hiki.”

“Kwa hiyo chumba hiki ndicho ninachopungukiwa.”

Alidhani ni mzaha. Akacheka kwa urafiki. “Sikiliza, mama. Mimi si mwanasiasa. Nina watoto wawili wadogo. Naitaka amani kuliko hao wanaopiga kelele kwenye televisheni, wa kwenu na wa kwetu. Lakini amani inataka utaratibu. Nendeni mkapatane nyumbani, mrudi.”

Akabonyeza kitufe. Namba ya mtu wa pili ikawaka ukutani.

*

Walikuwa wamegawa, ndiyo. Nuzha ndiye aliyegawa.

Kule Deir Lauza, kijijini kwao, mwanamke hachukui ardhi mbele ya kaka yake. Baba anakufa, arobaini inapita, kaka analeta kitambaa cha gauni na pengine bangili, dada anatia sahihi kwamba ameliachia fungu lake, wanawake wanapiga vigelegele kidogo, basi. Hakuna anayeliita jambo hilo wizi. Dada asiyetia sahihi ndiye anayetafutiwa jina.

Nuzha hakuolewa. Alimuuguza baba yake miaka kumi na tisa: alimgeuza kitandani, alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko, na misimu yote hiyo alipanda juu ya mizeituni minane kwa sababu Shafiq, kaka yake, alikuwa na duka na mgongo mbovu. Siku ya arobaini Shafiq alikuja na kitambaa cha mahameli ya kijani, kimefungwa kwa karatasi ya dukani. Nuzha akakisukuma kirudi kwake juu ya meza.

“Nataka nusu yangu,” akasema.

Ilichukua miaka miwili mahakamani. Wifi yake aliacha kumsalimia. Msikitini walimwambia Shafiq amdhibiti dada yake. Mwisho kadhi aliamua kwamba ardhi ya mashamba, kwa sheria iliyobaki tangu enzi za Waturuki, hugawanywa sawa, mwanamume na mwanamke, na majira ya baridi yaliyopita Nuzha akapewa hati. Miti minne. Mita mia tatu. Kwa miaka hamsini na sita jina lake lilikuwa halijaandikwa juu ya kitu chochote isipokuwa kitambulisho. Aliipeleka hati ikatiwe plastiki, akaishonea mfuko ndani ya gauni.

Septemba vibali vilipokwisha muda, kompyuta ya upande wa pili iliona vipande viwili badala ya kimoja, vyote vidogo. Ikavikataa vyote viwili.

*

Jioni ya Jumatano Shafiq alimfuata kwenye chumba chake cha nyuma ya nyumba. Alikuja na mwanawe Rauhi, kijana wa miaka thelathini aliyekuwa karani wa baraza la kijiji, mtu wa simu mbili na marashi mengi. Wifi hakuja, ila alituma sinia la kahawa. Nuzha akalitazama sinia lile. Miaka mitatu halikuwa limeingia chumbani humo.

“Abu Hilmi wa kinuni amenipigia,” Shafiq akaanza. “Zamu yetu ya kukamua ilikuwa leo. Amempa mtu mwingine. Anasema Jumapili anaweza kutubana mwishoni, Jumatatu anafunga kinu. Na amesema zeituni ndani ya plastiki, juani, siku nne ni mafuta ya kuwashia taa tu. Siku ya nane ni mbolea.”

“Najua zeituni, kaka. Sijaanza kuzichuma leo.”

“Na zangu zimo humo. Miti yangu minne pia. Ulimwambia yule mwanamke achume yote.”

“Ulimwambia wewe. Ulisimama hapo mlangoni ukasema, kama anachuma na achume yote.”

Rauhi akatoa karatasi kwenye mkoba, akailaza juu ya kitanda, akainyoosha kwa kiganja.

“Shangazi, tusirefushe. Kesho asubuhi mahakamani, unaachia fungu, shamba linarudi mita mia sita kwa jina la baba. Nina mtu pale, tutapita bila foleni. Kutoka hapo moja kwa moja ofisi ya vibali kabla hawajafunga. Ni karatasi tu.”

“Kama ni karatasi tu, mbona unaitaka?”

“Miti itabaki yako. Sote tunajua. Mioyoni mwetu ni yako.”

“Kauandikishe moyo wako ofisi ya ardhi basi, niutilie plastiki.”

Rauhi akatabasamu kwa meno. “Endelea kufanya masihara. Rafiki yako Myahudi ndiye aliyetufikisha hapa. ‘Napita, naleta langoni.’ Sasa yuko wapi?”

“Yuko kule juani anayalinda. Wewe ulichuma ngapi?”

“Mimi sichumi kwa hisani ya Wayahudi.”

Mfukoni mwa Rauhi mlikuwa na kibali cha biashara cha kwenda miji yao kupitia kituo kikubwa, si lango la mashamba. Kijiji kizima kilijua, na kila mmoja alijua pia hakutokwa na jasho kukipata. Nuzha hakukitaja. Alimgeukia Shafiq.

“Wewe unasemaje? Acha mtoto. Wewe.”

Shafiq alikuwa akizungusha kikombe kwenye kisahani. “Wanatutawala kwa kutugawa, Nuzha. Nawe ukawagawia. Ukaenda mbele ya watu, kwa stempu, ukawakatia ardhi vipande viwili. Hawakuhitaji hata kutuma askari.”

“Uzio niliujenga mimi?”

“Uzio siuwezi.”

“Mimi unaniweza.”

Shafiq akakiinua kikombe. Akainywa kahawa yote kwa mkupuo, akakunja uso kwa uchungu wake. Nje punda alikuwa akijikuna kwenye ukuta. Nuzha alifikiria magunia, namna yanavyopata joto katikati kwanza, mahali ambapo mkono haufiki. Namna ngozi ya zeituni inavyolegea, kisha moja inapasuka, kisha zote. Kila siku aliyobaki na hati yake kifuani ilikuwa siku moja zaidi ndani ya plastiki ile. Mafuta ya mwaka mzima, yake na ya watu wa nyumba hii wasiomsalimia.

“Nikitia sahihi,” akasema, “kibali kitakuwa cha wawili?”

“Cha wawili,” akasema Rauhi bila kupumua.

*

Karani wa mahakama alikuwa na mafua. Aliisoma hati kwa pua iliyoziba, akipita juu ya maneno kama mtu anayekanyaga matope, hadi alipofika kwenye swali. Hapo akainua macho.

“Nuzha binti Abdulmuti. Unaliachia fungu lako lote kwa kaka yako Shafiq kwa hiari, bila kulazimishwa na mtu?”

Rauhi aliangalia saa yake. Ofisi ya vibali ilifungwa saa saba, na Ijumaa na Jumamosi haifunguliwi.

“Andika kwa hiari,” akasema Nuzha.

“Lazima useme mwenyewe, mama.”

“Kwa hiari.”

“Bila kulazimishwa na mtu.”

“Bila mtu.”

Aliitoa hati yake kwenye mfuko wa gauni. Karani alihitaji kuipiga mhuri wa kubatilisha lakini wino haukushika kwenye plastiki, ukateleza. Akachukua mkasi, akaikata ukingo, akaimenya ile plastiki kama ganda la yai, akapiga mhuri. Nuzha akatia sahihi polepole. Alikuwa ameishia darasa la nane, na jina lake aliliandika kwa herufi zilizotengana, kila moja peke yake.

Ndipo Shafiq akainama kwenye mfuko wake wa duka, akatoa kifurushi. Karatasi ya dukani ilikuwa imegeuka rangi ya chai pembeni. Kamba ilikuwa ileile. Kwa miaka mitatu alikuwa amekihifadhi.

“Haki yako, dada,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

“Mashallah,” karani akasema, akapenga kamasi. “Undugu.”

Nuzha akakitumbukiza kifurushi kwenye kikapu, juu ya mkate, bila kukifungua.

Saa saba kasoro dakika kumi na mbili walikuwa mbele ya kioo kinene. Kapteni Nadav aliipokea hati mpya, akaisoma, uso ukachangamka kwelikweli.

“Mia sita! Mnaona? Watu wakikaa wakazungumza, mambo yanatatulika. Ningependa wakubwa wetu waje wajifunze kwenu.” Akapiga chapa. “Kibali cha kilimo, Shafiq Abdulmuti, miaka miwili. Kinaanza Jumapili.”

“Magunia yako langoni tangu juzi,” akasema Nuzha. “Andika leo.”

“Mfumo hauanzishi kibali siku ya Alhamisi, mama.”

“Na changu?”

Kapteni akatazama karatasi, akamtazama Nuzha, akatazama karatasi tena. Kwa mara ya kwanza alionekana kuona aibu kidogo.

“Wewe si mmiliki.”

“Nilikuwa mmiliki saa nne asubuhi.”

“Unaweza kuomba kama kibarua wa shamba. Mmiliki anakuombea. Kwa msimu ujao, kwa sababu nafasi za msimu huu, kwa ukubwa wa mita mia sita, ni mtu mmoja.” Akageuka kwa Shafiq. “Utamwombea, sivyo?”

“Mungu akipenda,” akasema Shafiq.

Rauhi alikuwa nje akizungumza kwenye simu.

*

Jumamosi lango halikufunguliwa kwa mwenye kibali wala asiye nacho. Ilikuwa siku yao ya kupumzika. Nuzha alishuka hata hivyo. Harufu ilimpokea kabla hajafika: siki, kisha kitu kizito zaidi chini ya siki, kama tandiko la mgonjwa. Nzi walikuwa wameyavaa magunia.

Upande wa pili Tsvia alikuwa na watu sita wenye fulana nyeupe zilizoandikwa neno amani kwa lugha tatu. Mmoja wao, kijana mgeni mwenye kamera, alipunga mkono kwa furaha.

“Hawa ni wa shirika la mazungumzo,” Tsvia akaita. Sauti yake ilikuwa imechoka. “Wana gazeti. Wanaweza kuandika.”

“Wataandika leo?”

“Mwezi ujao.”

“Zeituni hazisomi gazeti, Tsvia.”

Kijana wa kamera akasema kitu, Tsvia akakitafsiri huku akitazama chini. “Anaomba tusogee. Mimi huku, wewe huko. Tuweke mikono kwenye waya, kama tunagusana.”

“Mwambie ukigusa waya huo gari la doria linakuja.”

Tsvia akatafsiri. Wenye fulana wakacheka. Walidhani Nuzha ni mcheshi. Kijana akainua kamera akapiga hivyohivyo, wanawake wawili wazee na uzio katikati, kisha akasogea kando kidogo, akaonyesha magunia kwa kidole, akaziba pua.

“Anasema yanaharibu picha,” akasema Tsvia. Halafu akasema jambo jingine, kwa Kiarabu, taratibu, akitafuta maneno: “Mjukuu wangu ni askari. Lango kama hili, huko kusini. Nampigia simu, hapokei. Nuzha, mimi... nilifikiri nikileta tu mpaka hapa, basi. Nilifikiri ni zeituni tu.”

“Ulizitia kwenye magunia ya plastiki,” akasema Nuzha.

“Ndiyo yaliyokuwepo.”

“Kreti. Siku zote ni kreti. Miaka kumi na moja umetuona tukitumia kreti.”

Tsvia akaanza kulia. Nuzha alimtazama akilia na hakusikia kitu chochote, wala huruma wala hasira, ila ile harufu ya magunia. Akageuka akarudi kupanda kilima. Nyuma yake kamera iliendelea kulia, tik, tik.

*

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Shafiq alikuja na punda na mkokoteni, kibali kikiwa ndani ya kifuko cha plastiki kwenye mfuko wa shati. Nuzha alikuja na kikapu chake. Walipokaribia lango Nuzha alisema, “Hata kama ni ya sabuni. Usibishane nao, usichague. Pakia yote. Abu Hilmi atatukamulia hata ya sabuni.”

“Sawa.”

“La namba nane ndilo la mwisho kuchumwa. Anza na hilo. Linaweza kuwa zima.”

“Sawa, Nuzha. Nimesikia.”

Zamu ilikuwa ya askari mwingine, kijana mwenye miwani. Alikikagua kibali pande zote mbili, akatikisa kichwa kukubali. Shafiq akavuka na mkokoteni. Nuzha akasimama kwenye mstari wa njano, mahali pa mwisho panaporuhusiwa kwa asiyevuka.

Shafiq alikwenda moja kwa moja kwenye namba nane. Akalishika masikio, akalivuta. Kitako cha gunia kilibaki chini. Kilichotoka hakikuwa na umbo la zeituni tena: uji mweusi wenye mbegu ndani, mvuke ukipanda katika baridi ya asubuhi, na funza. Punda akarudi nyuma akapiga mkokoteni kwenye zege. Askari akavuta kola ya shati juu ya pua.

“Nini hiyo?”

“Zeituni,” akasema Shafiq.

“Hiyo si zeituni.” Akakitazama tena kibali. “Hapa imeandikwa mazao ya shamba. Hizo ni taka. Taka hazivuki langoni.”

“Ni za sabuni!” Nuzha akapiga kelele kutoka kwenye mstari. “Mwanangu, sikiliza, tunapika sabuni! Mbegu zina mafuta! Acha apakie!”

Askari akaongea kwenye redio. Redio ikamjibu maneno machache. Akamwonyesha Shafiq shimo upande wa kule wa barabara, kwa mkono, mara mbili, ili asikosee.

Shafiq hakubishana. Alikuwa ameahidi kutobishana. Aliyaburuta magunia moja baada ya jingine kuvuka barabara ya doria hadi kwenye shimo, na moja baada ya jingine yalipasuka njiani, na maji yake, meusi yenye mng’ao wa zambarau, yakafuata mteremko. Mteremko ulielekea langoni. Yalipita chini ya chuma, yakajaza ufa wa lami, yakafika kwenye mstari wa njano, yakazunguka viatu vya Nuzha.

Shafiq akarudi na mkokoteni mtupu. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni na aliiweka mbali na shati, mbali na mfuko wenye kibali.

Askari akayafuata maji hadi langoni, akiruka ruka asichafue buti.

“Saa mbili gari la mkubwa linapita hapa,” akasema. “Uchafu huu ni wa nani?”

Shafiq akaanza kukaza mkanda wa punda, ingawa haukuwa umelegea.

“Nauliza, ni wa nani?”

“Wangu,” akasema Nuzha.

“Basi ufute, mama. Nina dakika tano nifunge.”

Hakukuwa na maji karibu, wala ufagio. Nuzha akatua kikapu, akapiga magoti kwenye lami. Akakitoa kile kifurushi cha Shafiq, akakata kamba yake kwa meno, akaitupa karatasi, akakikunjua kitambaa. Mahameli ya kijani, kipimo cha gauni zima, jipya, harufu ya dukani bado imo. Akakilaza juu ya maji akakikandamiza kwa viganja vyote viwili. Kilikunywa haraka. Akakikunja, akafuta, akakikamua pembeni, akafuta tena.

“Na hapa,” askari akasema, akionyesha kwa buti. “Umeacha.”

Kutoka kule barabara ya doria, chini ya lango, maji mengine yalikuwa yanakuja.